Kibla na mkono wa kushoto

Jumapili iliyopita asubuhi mke wangu aliniuliza, "Baba Neema, umeiangalia dira?" Nikaenda kwenye begi la kazi nikamletea ile ya sindano. Akasema siyo hiyo. Alikuwa anaulizia dira ya maji, iliyo kwenye kishimo cha zege karibu na geti, maana bili ilikuwa imeruka kutoka uniti 9 hadi 17 ndani ya mwezi mmoja, na hatukuwa na mgeni wala ujenzi. Binti yetu wa darasa la sita alikuwa amelala kifudifudi sebuleni anafanya hesabu za duara. Akanyanyua bikari yake, ile ya kwenye mkebe, akauliza kwa nini mtoto wa jirani anayesoma shule ya Kiingereza anaiita kampasi, na baba naye kwenye begi ana kampasi, na vitu vyenyewe havifanani hata kidogo.

Swali lile nimekaa nalo wiki nzima. Mimi ni fundi madishi hapa Moshi, huu ni mwaka wa 14. Dira kwangu ni kama mizani kwa muuza nyama. Karibu kila wiki napanda bati la mtu aliyefunga dishi kwa kubahatisha akaishia kulaumu king'amuzi, na kila mara namkumbuka bibi mmoja wa Usa River, karibu na Arusha, aliyenifundisha kitu ambacho sijakiona kimeandikwa popote. Nitafika kwake.

Kwanza hiyo ya maji, niimalize. Nilifunua mfuniko, nikawapangusa sisimizi, nikafuta kioo kwa kidole gumba. Tarakimu nyeusi ndizo uniti, nyekundu ni vipande vya uniti, na pembeni kuna kigurudumu kidogo chenye meno mfano wa nyota. Hicho ndicho cha kutazama. Tulifunga bomba zote, za ndani na za nje, nikachuchumaa pale na tochi ya simu. Kigurudumu kikawa bado kinazunguka, polepole, kinasita, kinazunguka tena. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwa hiyo zile uniti 8 za ziada ni ndoo 400 zilizopita usiku na mchana bila mtu kuoga wala kufua. Tulikagua kimoja kimoja mpaka chooni: boya la tangi lilikuwa limeinama, maji yanateleza kwenye sinki bila hata kutoa sauti. Bili yako ikipanda, kabla hujagombana na mtu, funga bomba zote ukachuchumae mbele ya dira.

Wajuzi wa asili ya maneno husema "dira" lilitoka Kiarabu, kwenye neno la duara, na hilo lilinisaidia kumjibu mtoto. Uso wa dira ya maji ni duara. Uso wa dira yangu ni duara. Bikari kazi yake ni kuchora duara. Akaniambia basi hata sufuria ni dira, nikamwambia hapana, ila angalau sasa anaona ukoo ulikotokea.

Ipo pia ile ya redioni. Tangu Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilipozinduliwa Dodoma, Julai 2025, neno hili limekuwa midomoni mwa kila mtu. Nalipenda hapo lilipo, lakini kwa jicho la fundi naona tumelibebesha mzigo wa neno jingine. Dira ya sindano haikuambii pa kwenda. Inakuambia kaskazini iko wapi, basi. Pa kwenda unakuwa nako kichwani kabla hujaitoa mfukoni. Tunaposema kijana fulani hana dira, mara nyingi tunamaanisha hana anakokwenda. Wapo vijana wanaojua vizuri sana wanakotaka kwenda, wasichojua ni pale waliposimama wameelekea upande gani. Kijana mmojawapo nilikuwa mimi, juu ya bati la watu.

Nimezaliwa Njoro. Hapa mjini mtu hasemi kaskazini wala kusini, anasema juu na chini. Juu ni Kibosho, migomba na baridi. Chini ni Pasua, halafu TPC kwenye miwa na joto. Unamwelekeza mgeni, "Panda mpaka sokoni, ukishapita msikiti shuka," na anafika. Kwa mtu wa Moshi mjini hiyo inatosha kabisa, kwa sababu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekaa kaskazini ya mji wetu karibu sawasawa. Simama Mnara wa Saa alfajiri kabla mawingu hayajafunga, tazama theluji: hapo unatazama kaskazini, na kosa lako halifiki nyuzi 5. Miaka yangu ya kwanza ya ufundi sikuwa na dira na sikuikosa. Mlima ukiwa wazi nilifunga dishi kwa macho. Ukiwa umejifunika niliujua ulipo hata hivyo.

Lakini "juu" ya mtu wa Rombo ni magharibi. Mtu wa Mkuu akipanda mlimani jioni jua linampiga usoni. Na wa Sanya Juu, kule Siha, mlima kwake uko mashariki. Mlima ni ule ule mmoja. Jambo hili nilikuwa nalijua kichwani, miguu ndiyo ilikuwa haijalijua.

Ilikuwa mwaka wangu wa nne. Mteja wangu wa Majengo alinituma Usa River nikamfungie mama yake dishi la Azam, Jumamosi, siku ya Simba na Yanga. Mpira ulikuwa saa 11 jioni. Nilishuka kwenye Kosta saa 5 asubuhi, nikasema saa 7 nitakuwa nimemaliza, nirudi nikaangalie mpira nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya bati, mbele ina kibaraza, na Mlima Meru ulikuwa wazi, mkubwa, umejaa upande mzima wa uwanja.

Nikafanya kosa bila kujua kama nimelifanya. Niliupa Meru cheo cha Kibo. Mlima uko pale, basi kaskazini ni pale, magharibi ni kushoto kwake. Nikasimamisha nguzo, nikafunga dishi, nikaligeuza kushoto, nikaanza kutafuta.

Kwa asiyejua kazi hii: setilaiti inayobeba Azam imekaa juu ya mstari wa ikweta, kwenye nyuzi 7 mashariki, umbali wa kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini. Kwa sisi wa huku, tulio mashariki zaidi ya hapo, hiyo ni upande wa magharibi, imepinda kidogo tu kwenda kaskazini, na iko juu angani kiasi cha nyuzi 54 hivi. Dishi la sentimita 90 lina jicho jembamba, kama nyuzi 2. Ukilisogeza ukingo kwa unene wa kidole, umeshaipita. Na dishi letu hudanganya macho, kwa sababu kile kichwa cha kupokea mawimbi hakikai katikati, kimeshushwa chini. Ukilitazama unadhani linatazama paa la jirani, kumbe lenyewe linapokea kutoka juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo huwezi kusema nitalenga kwa jicho. Kwenye skrini kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu inaweza kujaa hata dishi likitazama mti. Ubora ndio ukweli wenyewe, na siku ile ulikuwa sifuri.

Sifuri saa 7. Sifuri saa 8. Niligeuza kushoto kidogo, kulia kidogo, nikainua, nikashusha. Nikabadilisha kichwa cha dishi, nikabadilisha waya. Nikatoa simu, nikafungua dira yake, ikasema kaskazini ni kule kwenye tangi la maji. Nikahamia upande wa pili wa paa, ikasema ni barabarani. Nikaichora namba nane hewani kama inavyotakiwa, ikanipa jibu la tatu. Simu yangu ilikuwa kwenye kava la kukunja, lile linalojifunga kwa sumaku, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekalia mabati. Leo nikimwona kijana anafanya vile namwita ashuke. Kava litoke, bati liwe mbali, geti na gari viwe mbali, nondo zisiwe chini ya miguu yako, ndipo usome. Siku ile sikuwa na wa kuniita.

Mjukuu wa bibi, kijana wa miaka 12 hivi, alikuwa ameshavaa jezi na amekaa mbele ya televisheni yenye skrini ya bluu. Hakulalamika. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Saa 10 kasoro bibi alitoka kibarazani na birika la kutawadhia. Akanitazama kule juu.

"Mwanangu, tangu asubuhi unatafuta nini huko?"

"Natafuta magharibi, bibi."

Alinyamaza kidogo, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. Halafu akanyoosha kiganja mbele yake. "Kibla hii hapa. Magharibi si kushotoni kwako?"

Akatandika msala, akasimama kuswali. Nami kule juu, nikiwa na spana mkononi, nikauona ule msala kwa mara ya kwanza. Haukufuata ukuta. Nyumba ilikuwa imejengwa kuifuata barabara, na vigae vya kibaraza vilifuata nyumba, lakini msala ulivikata vigae kwa mshazari, kona yake moja imegusa mguu wa kiti. Haukuelekea Meru pia. Mlima wangu, ule niliouita kaskazini tangu saa 5, ulikuwa kushoto kwa kichwa cha msala, nusu nzima ya pembe mraba. Mji wa Arusha na Usa River viko pande mbili tofauti za mlima: ukiwa Arusha, Meru uko kaskazini na kupinda mashariki kidogo; ukiwa Usa River, uko kaskazini-magharibi. Nilikuwa nimelielekeza dishi kusini-magharibi, nikakaa nalo huko kwa muda wa saa nne.

Nilisubiri amalize. Nikashuka, nikasimama pembeni ya msala, nikaelekea alikokuwa ameelekea, nikanyoosha mkono wa kushoto sawasawa na bega. Mkono ukaangukia kwenye mti wa mparachichi wa jirani. Nikapanda tena, nikalegeza nati, nikaligeuza dishi mpaka likautazama mparachichi, nikaanza kuinua taratibu. Ubora ukaruka kutoka sifuri hadi 38, nikashika pumzi, nikaongeza kidogo, 61, kidogo tena, 74. Mjukuu akapiga kelele ndani. Mpira ulikuwa haujaanza.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu kujua kama ile ilikuwa bahati. Haikuwa. Kutoka Moshi, kibla ni kaskazini na kupinda mashariki kama nyuzi 5 na nusu. Kutoka Usa River na Arusha ni nyuzi 6 au 7. Ile setilaiti kwetu iko kwenye nyuzi 276, yaani kutoka kaskazini ukizunguka kwa kulia, imepita magharibi kwa nyuzi 6 hivi. Kutoka hapo ukizunguka kwa kulia mpaka kibla ni pembe mraba, nyuzi 90, ikizidi haizidi moja. Mtu aliyesimama kuswali Moshi, Boma Ng'ombe, Usa River au Arusha, mkono wake wa kushoto unaonyesha setilaiti ya Azam. Mimi ni Mlutheri, na tangu siku ile nikifika nyumba ya Kiislamu kitu cha kwanza ninachoomba kuonyeshwa ni kibla. (Wenye DStv hii haiwahusu. Yao iko nyuzi 36, karibu utosini mwetu.)

Bibi alinilisha wali, akakataa kabisa niondoke kabla mpira haujaisha. Aliniambia kwao ni Pangani, na baba yake alikuwa baharia wa jahazi. Kwa wazee wao, kibla na kaskazini ni neno moja, maana kutoka pwani yetu Makka iko upande huo. Akanifundisha jambo jingine ambalo sikuwa nimelifikiria maisha yangu yote: kaskazini ni jina la upepo. Kaskazi ndio unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ndio unaoyarudisha. Na magharibi ni pale jua linapozama, saa ya swala yenyewe ya Magharibi. Sisi watu wa mlimani tunajiita Kanda ya Kaskazini, kwenye mabasi na kwenye mipira, tumebeba jina la upepo wa tanga, na wengi wetu bahari tumeiona ukubwani.

Wiki iliyofuata nilikwenda soko la Memorial nikanunua dira, kwenye turubai la mtu anayeuza vikorokoro vya mitumba, kati ya mikanda na miwani. Elfu saba. Ni ya plastiki inayoona, ina duara la nyuzi 360, ndani majimaji na kiputo cha hewa ukubwa wa punje ya dengu, na sindano yenye ncha nyekundu. Ninayo mpaka leo. Ina tabia moja iliyonichukua muda kuielewa: mkia mweupe wa sindano huinama, ukagusa chini na kukwama, kwa hiyo usipokuwa makini inakuonyesha kaskazini ya nyumba uliyotoka. Sababu ni kwamba sumaku ya dunia haivuti kwa kulala sawa kila mahali. Ulaya huivuta ncha ya kaskazini ichungulie chini, kwa hiyo kiwandani huko huongeza uzito kidogo mkiani ili sindano ilale. Huku kwetu mambo yamegeuka. Ikweta ya sumaku inapita juu huko Ethiopia, sisi tuko kusini yake, na kinachovutwa chini ni mkia, ambao tayari umeongezewa uzito. Naishika kwa vidole viwili, naiinamisha kidogo upande wa mkia, nasubiri itulie, ndipo nasoma. Bahati yetu ni kwamba kaskazini ya sumaku na kaskazini yenyewe hapa hazipishani hata nyuzi 2. Zipo nchi fundi analazimika kujumlisha na kutoa kabla ya kupanda ngazi.

Turudi Jumapili. Maji yalipokwisha kutengemaa, nilimwambia binti yangu kwamba bikari yake na dira yangu ni ndugu kweli, na nikamwonyesha uani. Tulichomeka kijiti wima kwenye udongo tuliousawazisha. Bikari ya mkebe ni ndogo, kwa hiyo tulitengeneza nyingine: kamba ya katani, ncha moja kwenye kijiti, nyingine kwenye msumari. Tukachora duara. Saa 4 na nusu ncha ya kivuli ikagusa duara, akaweka kokoto. Kivuli kikafupika, kikaingia ndani, kikaanza kurefuka upande wa pili. Mwenzangu alikuwa anatoka jikoni kila dakika tano. Saa 8 na nusu na ushei kikagusa tena, kokoto ya pili. Mstari wa kuunganisha kokoto hizo ni mashariki na magharibi. Ukiugawa katikati kwa bikari, kama wanavyofundishwa darasani, na kuvuta mstari kutoka kwenye kijiti, umepata kaskazini bila sumaku yoyote. Nikalaza dira yangu pale. Zilipishana kidogo sana.

Hapo nilimtahadharisha jambo moja. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Kwetu ni kweli sasa hivi, Januari, jua likiwa upande wa kusini. Juni jua linakuwa limehamia upande wa Kibo, na kivuli cha adhuhuri kinaelekea TPC. Kokoto mbili hazijali mwezi, ndiyo maana nazipenda.

Alichukua chaki akaandika K kwenye ukuta wa simtanki, upande wa kaskazini. Akaenda upande wa kusini, akanyanyua chaki, akasimama. Kusini nayo ni K. Akafuta ile ya kwanza, akachora mlima wenye theluji. Upande wa pili akachora muwa.

Jumanne jioni simu ikalia, bibi wa Usa River. Upepo wa usiku ulikuwa umelizungusha dishi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu yuko juu ya bati, anataka kulipeleka mlimani."

"Mwambie aliache kwanza. Msala wako uko wapi?"

"Nimeukalia."

Nikamwomba asimame anyooshe mkono wa kushoto, na kijana aangalie mkono unaangukia wapi. Mparachichi ulishakatwa, sasa kuna nyumba ya ghorofa moja. Nikasikia hatua zikigonga bati, nati ikilia, bibi akirudia kila ninachosema kwa sauti ya juu zaidi yangu. Kidogo kulia. Inua. Inua tena. Halafu sauti ya televisheni ikaingia kwenye simu, na kijana akapiga kelele kutoka juu kwamba asiguse mtu.

"Kaza nati ya chini kwanza," nikamwambia. "Spana namba 13."